Jiko la Tarime, chamchela ya Serengeti

Fundi alikunja bati jembamba likawa bomba la urefu wa mkono, kisha akalipasua kwa mkasi kutoka juu hadi chini, tukapata nusu mbili. Tulizisimamisha juu ya matofali zikitazamana, lakini hatukuzikutanisha ukingo kwa ukingo. Kila nusu tuliisogeza kando upana wa kidole kimoja, kwa hiyo zikabaki nyufa mbili nyembamba, huu upande huu na ule upande wa pili, zote zikielekeza hewa iingie kwa kuambaa ukuta wa ndani badala ya kwenda moja kwa moja katikati. Katikati tuliweka kifuniko cha kopo chenye mafuta ya taa kidogo, vijiko viwili hivi. Ilikuwa jioni, nyuma ya karakana yake mjini Tarime, na upepo ulikuwa umetulia.

Kwa sekunde chache za mwanzo moto ulikuwa moto tu, ulimi mfupi wa manjano unaoyumbayumba. Bati lilipopata joto, ulimi ule ukaanza kujinyonga. Ukasokotwa kama kamba, ukawa mwembamba, ukapanda ndani ya bomba mpaka ncha yake ikatokeza juu, na ukaanza kutoa mvumo. Tulipobana nyufa hadi zikakaribia kuziba, moto ulififia na kutema moshi mweusi. Tulipozipanua zikawa za kiganja kizima, ulisahau kabisa kuzunguka, ukarudi kuwa ulimi mfupi unaoyumba. Tulipoziba ufa mmoja tu na kuuacha mwingine wazi, uliegemea ukutani na kulamba bati upande mmoja. Mafuta yalikuwa yale yale, kifuniko kile kile, jioni ile ile. Kilichobadilika ni mlango wa hewa peke yake.

Fundi huyo amegonga majiko ya mkaa kwa mapipa chakavu kwa miaka mingi. Alizima na kuwasha tena mara nne, na kila mara alichutama chini kuangalia ufa, wala hakuinua macho kuutazama moto. Nami tangu jioni ile sijaweza kulitazama jiko lolote bila kutafuta kwanza hewa yake inaingilia wapi.

Wenyeji wa Wilaya ya Serengeti wanaujua mzunguko huo kwa sura nyingine. Miezi ya kiangazi, ukitoka Mugumu kuelekea Robanda na Fort Ikoma adhuhuri ya jua kali, utaona nguzo ya vumbi ikinyanyuka ghafla kwenye uwanda, ikibeba majani makavu na mifuko ya plastiki, ikatembea hatua kadhaa kisha ikajivunja. Ni chamchela. Ardhi imepata joto, hewa iliyoigusa imekuwa nyepesi na kupanda, na hewa ya pembeni inakimbilia kujaza nafasi. Hiyo ya pembeni haifiki katikati kwa mstari ulionyooka. Inafika ikiwa na mzunguko kidogo, na kadiri inavyokaribia katikati ndivyo inavyozunguka kwa kasi zaidi, kama mtoto anayejizungusha akikunja mikono kifuani. Moto wa nyika nao ukipata upepo wa namna hiyo hujisokota ukawa nguzo, na walioushuhudia hawausahau.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, walitumia nusu mbili za bomba zilizopishana, kama zile zetu ila zao zilikuwa za kioo cha kwatsi. Walimimina mafuta juu ya maji, wakawasha. Walikuwa wakitafuta njia bora ya kuteketeza mafuta yaliyomwagika baharini. Moto ulipanda ukiwa wa manjano, kisha mbele ya macho yao ukashuka, ukatulia, ukageuka pia ndogo ya bluu inayozunguka juu ya maji bila kelele na bila masizi. Rangi ya manjano katika moto ni chembe za masizi zinazong'aa kwa joto. Bluu ni dalili kwamba masizi hayakupata nafasi ya kuzaliwa. Sisi Tarime hatukuipata bluu hiyo, na sitamdanganya msomaji: moto wetu ulizunguka vizuri lakini ulibaki wa manjano, na bati lilichafuka.

Kwa nini mzunguko una nguvu hivyo? Hewa inapozunguka, husukumwa nje kuelekea ukutani, na katikati hubaki upungufu. Mzunguko ukiwa mkali wa kutosha, upungufu huo huvuta hewa ya moto iliyokwisha kupita na kuirudisha nyuma, kuelekea mlangoni. Hapo ndipo siri ilipo. Mafuta mapya na hewa mpya vinapoingia vinakutana na moto wa zamani unaorudi kuvipokea, kwa hiyo mwako haupeperushwi ukazimika hata hewa ikiingia kwa kasi kubwa. Wahandisi hupima jambo hili kwa namba ya mzungusho, yaani nguvu ya hewa katika kuzunguka ikilinganishwa na nguvu yake katika kwenda mbele. Namba ikiwa ndogo, hewa huzunguka tu na kupita zake. Ikizidi karibu 0.6, ule mkondo wa kurudi nyuma hujitokeza na moto hupata mahali pa kukaa. Mitambo ya kufua umeme kwa gesi, ya aina ya ile ya Kinyerezi jijini Dar es Salaam inayotumia gesi ya Songo Songo na Mtwara, hutegemea mbinu hii: hewa hupitishwa kwenye vibawa vilivyopinda vinavyoizungusha kabla haijakutana na gesi. Pembe ya vibawa hivyo ikikosewa kidogo moto huyumba, au hujibana ukawa mkali mno mahali pamoja na kuzalisha oksidi za naitrojeni, ambazo ni sumu kwa mapafu. Kwa hiyo taa inayowaka usiku Tarime au Mugumu kwa umeme wa gridi ya taifa huenda imeanzia kwenye mlango wa hewa ulioinama mshazari, mbali sana huko pwani.

Lakini Mkoa wetu wa Mara una walimu wa karibu zaidi kuliko Kinyerezi.

Kwa Kikuria mfua chuma ni omoturi, na katika jamii nyingi za mkoa huu Waturi ni watu wenye heshima yao na miiko yao. Majembe na mikuki vilitoka mikononi mwao kabla ya majembe ya dukani. Siku hizi huwakuti wakichoma mawe ya chuma. Malighafi yao ni springi za magari na nondo. Moto wao, hata hivyo, haujabadilika sana. Simama kwenye banda la mfua chuma na uangalie bomba linaloleta hewa. Halielekezwi juu ya mkaa, wala halielekezwi kwenye chuma chenyewe. Linaingia pembeni, chini, na mdomo wake umezikwa ndani ya makaa. Mahali pengine mvukuto wa ngozi umeachia nafasi gurudumu la baiskeli linalozungusha pangaboi ndogo kwa mkanda wa mpira, na msaidizi hulizungusha kwa mkono, taratibu, akiongeza mwendo pale tu chuma kinapokaribia kuiva. Hewa ikipita juu ya chuma inakipoza na kukivika magamba. Ikipita chini sana inarusha majivu. Mfua chuma hajawahi kusikia habari ya namba ya mzungusho, lakini husogeza bomba lake kwa upana wa kucha na kusikiliza sauti ya moto. Wanaoyeyusha dhahabu kwa mkaa katika machimbo madogo ya Nyamongo wanaijua pia sauti hiyo. Dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1,064 za Selsiasi, na mkaa uliolala bila kupulizwa haufiki huko kwa urahisi.

Ng'ambo ya Ziwa Victoria, Bukoba, jambo hili liliwahi kuishangaza dunia. Katika miaka ya 1970 Peter Schmidt, mtafiti wa mambo ya kale, aliwaomba wazee wa Kihaya wajenge upya matanuri ya kuyeyushia chuma waliyoyajua ujanani. Wazee walijenga tanuri la matope ya kichuguu, wakaingiza mirija minane ya udongo chini yake, na mirija hiyo ikapenya ndani kabisa ya tanuri, haikuishia ukutani. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba hewa iliyopita ndani ya mirija ile iliwahi kupashwa joto na tanuri lenyewe kabla ya kukutana na mkaa, na kwamba utaalamu wa namna hiyo kando ya ziwa una zaidi ya miaka 1,500. Huko Uingereza, wazo la kupasha hewa joto kabla ya kuiingiza tanurini lilipewa hataza mwaka 1828 kwa jina la Mskoti James Beaumont Neilson. Wapo wataalamu waliompinga Schmidt juu ya kiasi cha joto ambacho hewa ile ilipata, na ubishi huo ni wa haki. Kwangu mimi jambo haliko kwenye nyuzi joto ngapi. Mtu aliyeamua mrija upenye ndani badala ya kuishia ukutani alikuwa amekaa na moto muda mrefu, akauelewa.

Tuingie jikoni sasa, maana humo ndimo hesabu inapomgusa kila mtu.

Kilo moja ya kuni kavu inahitaji karibu kilo 6 za hewa ili iungue yote. Tarime mjini pako juu ya usawa wa bahari kwa karibu mita 1,500, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban sehemu moja kati ya saba. Ukijaza hewa hiyo katika mapipa ya lita 200, mpishi wa Dar es Salaam anahitaji mapipa 26 hivi kwa kilo ya kuni, na wa Tarime anahitaji 30. Jiko lililotobolewa kwa kipimo cha pwani linapofika milimani linavuta pumzi kwa shida kidogo, na mama anayepika huona maharage yanachelewa bila kujua kosa ni la nani. Maji nayo huku yanachemka kwenye nyuzi 95 tu, jambo linalozidi kuchelewesha maharage yale yale.

Na hewa hiyo yote nani anaisukuma? Mfua chuma ana mvukuto. Jiko la kawaida halina kitu, isipokuwa wepesi wa hewa yake lenyewe inayopanda. Piga hesabu ya jiko la kuni lenye kimo cha nusu mita, hewa ndani yake ikiwa na nyuzi 500, utapata msukumo wa takriban paskali 3. Weka karatasi nne za kuchapia mezani, moja juu ya nyingine. Uzito zinaouegemeza juu ya meza ndio msukumo huo. Hiyo ndiyo nguvu yote aliyonayo fundi wa majiko ya Tarime, na kila tundu analotoboa, kila kona anayoilazimisha hewa kuipita, inalipwa kutoka kwenye karatasi hizo nne.

Ndiyo sababu sikubaliani na wanaotaka kuchukua vibawa vya mitambo mikubwa na kuvibandika kwenye jiko la mkaa. Mzunguko una gharama, na gharama yake ni msukumo. Kwenye jiko lenye feni ndogo ya betri inawezekana kabisa kuinamisha matundu ya juu, hewa ikaingia mshazari na kuuchanganya moshi ukaungua kabla ya kutoka, na majiko ya feni yanayofuata wazo hilo kwa kutumia magunzi au mabaki ya mazao yanapaswa kujaribiwa huku, kwenye mahindi mengi na maganda ya kahawa. Kwenye jiko lisilo na feni, vibawa vinaweza kuliziba pumzi. Huko kazi ya fundi ni nyingine: kugawa hewa kidogo iliyopo mahali panapostahili.

Angalia jiko la mkaa kwa makini. Hewa inaingilia kwenye kidirisha cha chini, inapita kwenye chekecheke, inakutana na mkaa wa chini na kuwa kabonidioksaidi. Gesi hiyo inapopanda kupitia mkaa mwekundu wa juu inanyang'anywa oksijeni yake moja na kugeuka kaboni monoksaidi. Zile ndimi ndogo za bluu zinazochezacheza juu ya mkaa uliokolea ni kaboni monoksaidi inayoungua, endapo itakutana na hewa mpya pale juu. Isipokutana, inatoka kama ilivyo. Hasara yake ni mbili kwa mpigo. Kaboni inayoishia kuwa monoksaidi hutoa chini ya theluthi moja ya joto ambalo ingetoa ikiungua yote, na hiyo monoksaidi ni sumu isiyo na harufu wala rangi. Sasa fikiria sufuria pana iliyokalishwa moja kwa moja juu ya mdomo wa jiko kwa sababu vile vishikio vitatu vya kuiinua vimevunjika. Nafasi ya hewa ya juu imezibwa. Mpishi anafungua kidirisha cha chini wazi kabisa ili moto ukolee, mkaa unakwisha upesi, na sumu inaongezeka. Vishikio vile ni vipande vitatu vya nondo. Fundi anaweza kuvichomelea kwa dakika kumi.

Taa inaonyesha jambo hili hili kwa namna ambayo kila mtu aliyekulia kijijini anaikumbuka. Kibatari na chemli vinakunywa mafuta ya taa yale yale, lakini kibatari kinapaka dari masizi na kuzijaza pua za watoto wanaosomea, wakati chemli inawaka safi. Chemli ina matundu chini na kioo kinachovuta hewa iambae utambi. Aimé Argand, Mswisi aliyeishi karne ya 18, ndiye aliyeonyesha katika miaka ya 1780 kwamba ukiupitishia utambi hewa ndani na nje na kuuvika kioo, mwanga huongezeka na moshi hupungua.

Serikali imelichukua suala la kupika kwa uzito. Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo, na taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku zikaagizwa kuachana na kuni na mkaa. Naiunga mkono hatua hiyo kwa moyo wote. Wanawake wa Mara wamepoteza macho na mapafu kwa moshi, na vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti havina tena kuni za kuokota karibu. Ila jiko la gesi nalo lina mlango wa hewa. Chini ya kila kichwa cha jiko la gesi, pale bomba linapoanzia, kuna tundu ambalo gesi ikipita kwa kasi huvuta hewa na kuchanganyika nayo kabla ya kuwaka. Buibui hupenda kutanda humo. Vumbi la barabara ya Nyamongo hupenda zaidi. Tundu likizibwa nusu moto wa bluu unageuka manjano, sufuria zinapakwa masizi, na mwenye nyumba anasema gesi ya siku hizi ni mbaya. Gesi haina kosa. Kuna majiko ya gesi ambayo matundu ya kutolea moto yamekatwa mshazari, na ukiwasha unaona ndimi zote zimelalia upande mmoja zikifukuzana duara. Huo ni mzungusho ule ule wa bati letu, umefika mezani. Hukaa vizuri chini ya sufuria, mradi sufuria isikalie moto kwa karibu kiasi cha kuukata. Anayegawa mitungi vijijini angepaswa kugawa pia maarifa ya kulisafisha tundu hilo kwa mswaki mkavu.

Na kuna mlango wa hewa ulio mkubwa kuliko yote, nao ni wa nyumba. Miezi ya Juni hadi Agosti baridi ya milima ya Tarime si mchezo. Watu huingiza jiko la mkaa ndani, mkaa ukiwa umeshakuwa mwekundu na hautoi moshi tena, wakafunga madirisha na kuziba uwazi wa chini ya mlango kwa nguo ili joto lisitoroke. Wanaamini kwamba palipoisha moshi pameisha hatari. Kumbe mkaa mwekundu usio na moshi ndio unaozalisha kaboni monoksaidi kwa wingi, na chumba kilichozibwa kimefanywa jiko lisilo na kidirisha, watu wakiwa ndani yake. Dalili ya kwanza ni kichwa kuuma, kisha usingizi mzito. Nyumba za zamani za msonge zilikuwa na nyasi zinazopumua na uwazi kati ya ukuta na paa. Nyumba za tofali na bati tunazojenga sasa ni imara na nzuri, lakini tumezijenga bila kuziachia pumzi. Matofali mawili ya matundu, moja chini na moja juu kwenye ukuta wa pili, yangetosha kuwa mwanzo. Hata hivyo jiko la mkaa litolewe nje kabla ya kulala. Naliandika hili nikiwa na hofu ya kweli, maana baridi hiyo itarudi.

Nilirudi kwa fundi wiki mbili baadaye. Kwenye meza yake kulikuwa na jiko jipya la pipa, bado halijapakwa udongo wa ndani. Kidirisha cha chini alikuwa amekipunguza kwa karibu robo, na pembeni, inchi moja chini ya mdomo, alikuwa ametoboa safu ya matundu madogo kwa msumari. Matundu ya upande mmoja yalikuwa yamenyooka. Ya upande wa pili alikuwa ameushika msumari ukiwa umelala, kwa hiyo kila tundu lilikuwa na ulimi mdogo wa bati ulioinamia kushoto. Alitaka kuona upande upi utatangulia kutoa bluu. Tulijaza magunzi makavu, tukawasha, akachutama tena kama siku ile, shavu likikaribia kugusa ardhi.